Bodi Nyepesi Juu ya Fremu ya Lori

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima: Somo la Historia

Mwenye miwani na aivae, na mwenye kalamu aiweke karibu. Ikiwa darasani yuko mwenzenu asiyesoma upesi bado, asione haya. Mmoja asome kwa sauti, wengine wafuate kwa kidole. Sote tulianza hivyo.

Leo tutaanza na barua. Imeandikwa na darasa moja la watu wazima, na kwa kuwa hawakuniomba niwataje, sitawataja. Wanasema kwamba kijiji chao kiko mbali na barabara kuu. Masika yakiingia, njia huwa tope tupu, na mgonjwa hubebwa kitandani mpaka ng'ambo ya mto. Basi wamechanga fedha, wakanunua lori kuukuu la kazi ngumu, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Sasa wanataka kuling'oa sanduku la chuma lililokuwa likibeba mawe, na mahali pake waweke bodi nyepesi yenye viti, ipate kuchukua wagonjwa, akina mama wajawazito na watu wa sokoni.

Fundi mmoja amewaambia kwamba kazi hiyo ataimaliza kwa siku saba, kwa kuichomelea bodi moja kwa moja juu ya fremu. Nusu ya darasa wanasema aanze kesho. Nusu wanasema angoje. Na mama mmoja mzee, ambaye ndiyo kwanza amejifunza kuandika jina lake, ameuliza swali ambalo wenzake wameshindwa kulijibu. Amesema, "Kitu chepesi kikikaa juu ya kitu chenye nguvu, si ndiyo salama? Hatari iko wapi?"

Ndugu zangu, mimi si fundi wa motokaa. Kazi yangu ni elimu. Lakini swali la mama huyu si geni. Watu wa nchi nyingine waliwahi kuulizana jambo hilo hilo, wakalijibu kwa mikono yao, na majibu yao tunayaona kila siku katika barabara zetu. Basi na tuwafuate tuone walifanya nini, kisha tutarudi kwa lori la wenzetu.

FREMU NA BODI

Kwanza tuelewane maneno mawili. La kwanza ni fremu. Mafundi wengine huiita chesisi. Ukiinama chini ya lori utaona vyuma viwili virefu vilivyolala sambamba kutoka mbele mpaka nyuma, na vyuma vifupi vinavyoviunganisha katikati. Umbo lake ni kama ngazi iliyolazwa chini. Injini hukaa juu ya ngazi hiyo, na magurudumu hushikwa chini yake kwa springi. Uzito wote hubebwa na ngazi hiyo.

Neno la pili ni bodi. Bodi ni ile sehemu unayoiona: milango, viti, paa, madirisha, au sanduku la mzigo. Katika lori, bodi ni kama nguo na fremu ni kama mifupa. Unaweza kuvua nguo moja ukavaa nyingine, na mtu akabaki yule yule. Ndiyo maana fremu za namna moja huweza kuwa lori la mchanga, gari la zimamoto au basi.

Motokaa ndogo nyingi za siku hizi si hivyo. Hazina ngazi ya chuma chini yake. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba, kama ganda la yai linavyoshikilia yai. Huwezi kulitoa ganda ukaliweka jingine. Kwa hiyo habari yetu ya leo inahusu magari yenye fremu tu. Shikeni jambo hilo, maana tutalihitaji.

JAPANI MWAKA 1950

Sasa twende Japani. Nchi ile ilishindwa katika Vita vya Pili vya Dunia mwaka 1945, na majeshi ya nchi zilizoshinda yakaishika. Miji mingi ilikuwa imeungua. Fedha ilikuwa haba, na chuma kilikuwa haba.

Kampuni ya Toyota ilikuwa ikitengeneza hasa malori. Kufika mwaka 1950 ilikuwa karibu kufilisika. Wafanyakazi walikuwa hawalipwi kwa wakati, na tangu Aprili mpaka Juni mwaka ule palikuwa na mgomo mkubwa. Mwishowe watu zaidi ya 1,000 waliondoka kazini. Kiichiro Toyoda, aliyekuwa ameiasisi kazi ile ya magari, naye akajiuzulu mwezi wa Juni. Fikiri, msomaji, watu wale walirudi nyumbani kwa wake na watoto wao mikono mitupu.

Siku chache baadaye, tarehe 25 Juni 1950, vita vilianza katika nchi jirani ya Korea. Majeshi ya Marekani yalihitaji malori upesi, na Japani ndiyo iliyokuwa karibu. Mwezi wa Julai wakaiagiza Toyota malori 1,000. Hivyo kampuni ikapata pumzi. Ni jambo la kusikitisha kwamba msiba wa Wakorea ulikuwa riziki ya wengine. Lakini historia haichagui, nasi hatuna budi kuisoma kama ilivyo.

Askari wa Marekani waliokuwa Japani walipopelekwa Korea, katika Agosti 1950 Japani iliunda jeshi dogo lililoitwa Polisi wa Akiba wa Taifa. Hawa walitaka gari dogo la kupita porini, mfano wa Jeep ya Wamarekani. Jeep ilikuwa imejulikana dunia nzima wakati wa vita. Ilikuwa ndogo na nyepesi, injini yake ikiwa na nguvu za farasi 60, nayo ilivuta kwa magurudumu manne. Toyota nao wakaambiwa, kama makampuni mengine, watengeneze gari la namna hiyo lijaribiwe.

GARI LILILOTOKANA NA MALORI

Hapa ndipo habari yetu inapoanza hasa. Toyota hawakuwa na fedha za kubuni gari jipya kutoka juu mpaka chini, wala hawakuwa na muda. Walikuwa na nini? Walikuwa na malori. Wakafanya kama mama anayetaka kupika na hana nyama: huangalia kwanza kilichomo jikoni.

Walichukua fremu ya lori lao dogo lililoitwa SB, lori la kubeba tani 1, wakaibadilisha ili nguvu ya injini ifike kwenye magurudumu yote manne. Injini ya lori lile ilikuwa dogodogo, yenye nguvu za farasi 27 tu, hiyo wakaiacha. Badala yake wakaweka injini ya lori lao kubwa la tani 4, lile lile walilowauzia Wamarekani. Injini hiyo iliitwa B. Ilikuwa na silinda 6 na ujazo wa karibu lita 3.4, na ilitoa nguvu za farasi 85. Juu ya fremu ya lori na injini ya lori wakaweka bodi ndogo iliyo wazi, isiyo na mlango wa chuma wala paa ila turubai.

Gari la kwanza la majaribio lilikuwa tayari Januari 1951. Waliliita Toyota Jeep BJ: B kwa sababu ya injini, na J kwa sababu ya Jeep.

Tazameni walichokipata. Fremu iliyozoea tani 1 ya mzigo sasa ilibeba watu wachache na bodi ya mabati. Punda aliyezoea kubeba magunia mawili, ukimpa gunia moja tu mlimani, ana nguvu ya akiba. Injini nayo, iliyozoea kukokota tani 4, sasa ilikuwa na kazi ndogo. Na giaboksi ya lori ilikuwa na gia ya kwanza yenye kuvuta sana: injini ilizunguka zaidi ya mara 5 ndipo shafti ya nyuma yake izunguke mara 1. Gari lilikwenda polepole, lakini lilivuta. Kwa sababu hiyo hawakuhitaji kuongeza gia nyingine za mlimani kama zile za Jeep.

Mwalimu wa darasa, simama hapa kidogo. Waulize wanafunzi: nguvu ya akiba ni nini, na kwa nini punda mwenye nguvu ya akiba hufika juu ya mlima?

MLIMA FUJI

Pamoja na hayo, Polisi wa Akiba hawakulichukua gari la Toyota. Walichagua Jeep yenyewe ya Kimarekani, na kampuni ya Mitsubishi ikapewa ruhusa ya kuitengeneza Japani. Toyota walibaki na gari zuri lisilo na mnunuzi. Kwa kampuni iliyotoka tu katika njaa, hilo halikuwa jambo dogo.

Wakaamua kulionyesha mahali ambapo kila Mjapani angeelewa. Mlima Fuji ndio mrefu kuliko yote Japani. Una mita 3,776. Kilimanjaro yetu ina mita 5,895, lakini Fuji nao si kilima cha kuchezea. Njia ya kuupanda imegawanywa vituo 10, na watu huenda kwa miguu juu ya mawe na majivu ya volkano. Mwezi wa Julai 1951, dereva wa majaribio aitwaye Ichiro Taira aliliendesha gari lile mpaka kituo cha 6. Kabla ya hapo hakuna gari lililokuwa limefika huko.

Wakuu wa polisi wa mashambani walikuwa wakitazama. Waliona kwa macho yao, wakaagiza magari 289 ya doria. Mwaka 1953 kiwanda kikaanza kuyatengeneza kwa wingi. Na kwa kuwa gari lilikuwa na fremu, nguo zake zilibadilishwa kwa urahisi: moja likawa la doria, jingine la kubebea mitambo ya redio, jingine likapewa pampu likawa la zimamoto. Mifupa ilikuwa ile ile.

Lilibaki jambo la jina. Kampuni ya Willys ya Marekani ilisema kwamba neno Jeep ni mali yao. Basi Juni 1954 mkuu wa ufundi wa Toyota, Hanji Umehara, akalipa gari jina jipya: Land Cruiser. Maana yake ni chombo kizungukacho nchi kavu kama manowari izungukavyo baharini. Wakati ule Waingereza walikwisha kuwa na Land Rover yao, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, nayo Toyota hawakutaka jina lisikike dogo mbele yake.

Land Rover yenyewe ilianza kwa njia iliyo karibu na hiyo. Mwaka 1947 gari lao la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya fremu ya Jeep iliyobaki vitani. Na kwa kuwa chuma kiligawanywa kwa kipimo Uingereza, bodi zake zilifanywa kwa aluminiamu, madini mepesi yasiyoshikwa na kutu. Huko nako uhaba ulifundisha watu kuweka bodi nyepesi juu ya fremu imara.

KASORO YAKE

Msidhani kwamba gari lile la kwanza lilikuwa la raha. Mwulize mtu yeyote aliyepanda lori tupu katika barabara ya mawe. Springi za lori ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, navyo vimetengenezwa vikae vizuri chini ya mzigo. Ukiuondoa mzigo, havinepi. Gari hurukaruka, na abiria huumia mgongo.

Kuruka si maumivu tu. Gurudumu lililo hewani haliwezi kushika ardhi. Haliwezi kuvuta, haliwezi kupinda kona, wala breki yake haina kazi. Tena dereva akikanyaga breki kwa nguvu, magurudumu ya nyuma yasiyo na mzigo hukwama upesi na kuteleza, na gari hugeuka upande. Kwa hiyo jibu la kwanza la swali la mama yetu ni hili: springi zilizokusudiwa mzigo mzito haziwi salama kwa sababu tu umezipa mzigo mwepesi.

Toyota waliliona jambo hilo. Mwaka 1955 walitoa aina ya pili ya gari lao, na moja ya kazi walizofanya ilikuwa kuzifanya springi ziwe ndefu na laini zaidi, ili raia wa kawaida waweze kulipanda bila kulalamika. Mwaka 1960 wakatoa aina ya tatu, ambayo watu wengi wa makamo wanaikumbuka kwa uso wake wa mviringo na taa mbili za mbele. Hiyo ilipata na gia za mlimani. Mwaka 1984 ikaja ile yenye uso wa mraba, ambayo watu wa Afrika ya Mashariki wanaijua sana. Tazameni basi: miaka 1951 mpaka 1960 ni miaka 9. Kuiweka bodi juu ya fremu kulichukua miezi michache tu, na kuvipatanisha vitu hivyo viwili kulichukua miaka.

MAFIGA MATATU

Liko jibu la pili, na hilo tutalitafuta Ujerumani, nchi nyingine iliyoshindwa katika vita vile vile. Huko mhandisi Albert Friedrich, aliyekuwa akitengeneza injini za ndege, aliona kwamba nchi yake sasa ina njaa na haihitaji ndege. Mwaka 1945 akaanza kuchora gari la mkulima. Upana baina ya magurudumu yake ulikuwa mita 1.27, ili yapite sawasawa katika mistari miwili ya viazi. Gari hilo liliitwa Unimog, na tangu mwaka 1951 lilitengenezwa na kampuni ya Mercedes. Baadaye likawa lori mashuhuri la porini, la majeshi na la zimamoto.

Friedrich na wenzake walijua jambo ambalo wengi hatulioni. Lori likipanda jiwe kwa gurudumu moja la mbele, na gurudumu jingine la nyuma likitumbukia shimoni, fremu haikai bapa. Hujisokota kidogo, kama nguo inavyosokotwa ikikamuliwa. Kwa lori la porini hiyo si kasoro. Fremu inayokubali kujisokota huyawezesha magurudumu yote manne kuendelea kugusa ardhi, na haipasuki.

Lakini bodi je? Bodi yenye paa na madirisha ni sanduku, na sanduku halipendi kusokotwa. Ukilikaza pembe zote nne juu ya fremu inayojisokota, ama bodi itapasuka, ama fremu itapasuka pale ilipochomelewa. Basi katika Unimog kibanda cha dereva hushikwa mahali patatu tu, juu ya mipira, ili fremu ijisokote chini yake na kibanda kikae kimya.

Kwa nini patatu? Wala sina haja ya kuwafundisha. Kila mama anayepika anajua. Mafiga ni matatu. Chungu hakiyumbi juu ya mafiga matatu hata kama ardhi si sawa. Weka la nne, na moja lazima litakuwa juu au chini, na uji utamwagika. Wahandisi wa Ujerumani na bibi zetu walifika kwenye hesabu moja.

TURUDI KWA LORI LA WENZETU

Sasa, ndugu zangu mlioandika barua, na wewe mama uliyeuliza, nisikilizeni vizuri.

Wazo lenu si baya. Ni wazo la watu wenye akili, na limefanyika mahali pengi. Hapa kwetu, ukifika Arusha au Nairobi, utayakuta makarakana yanayochukua Land Cruiser ya fremu, kuirefusha, na kuijengea bodi mpya yenye viti na paa la kufunguka, ili wageni watazame wanyama. Gari la wagonjwa la zahanati na gari la polisi mara nyingi yana mifupa ya namna moja. Kwa hiyo sitawaambia muache.

Lakini hatari mliyouliza haiko katika wepesi wa bodi, wala haiko katika nguvu ya fremu. Iko pale vinapokutana. Hapo ndipo mtazame, na hapo ndipo mwulize fundi wenu maswali manne kabla hamjampa hata senti.

La kwanza, mwulizeni: "Springi utazifanyaje?" Akisema kwamba zilibeba mawe na hivyo zitabeba watu, hajaelewa. Mwambieni habari ya lori tupu linalorukaruka. Springi hazina budi kulingana na uzito mpya, na breki zipimwe upya gari likiwa tupu na likiwa limejaa. Tena si kazi ya kubahatisha kwa kung'oa kipande kimoja cha chuma. Atakayeibadilisha aeleze kwa hesabu ni uzito gani utakuwa juu ya magurudumu ya mbele, na gani juu ya nyuma.

La pili, mwulizeni: "Bodi utaishikizaje?" Akisema ataichomelea moja kwa moja, msikubali. Moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma cha fremu pale ulipopita, na bodi iliyokazwa kila mahali hairuhusu fremu kujisokota. Bodi ifungwe kwa bolti katika vishikizo vyake, na baina ya chuma na chuma pawe na mpira. Wala asitoboe matundu ovyo katika kingo za juu na za chini za vile vyuma virefu viwili, maana kingo hizo ndizo zinazobeba kazi kubwa.

La tatu, mwulizeni: "Watu watakaa juu kiasi gani?" Hapa kumbukeni gari la Toyota la mwaka 1951. Bodi yake ilikuwa fupi na wazi; uzito wake mwingi, yaani injini, giaboksi na ekseli, ulikuwa chini. Lori la porini lina tumbo la juu ili lipite mawe. Ukipandisha viti juu ya tumbo hilo, kisha ukaweka paa, na juu ya paa ukaweka magunia na mikungu ya ndizi, umemfanya punda avae kofia ya jiwe. Kona ya kwanza yenye mteremko itamwangusha. Viti viwe chini kadiri iwezekanavyo, mizigo ikae sakafuni, na juu ya paa pasiwekwe kitu.

La nne, mwulizeni: "Nani atalikagua?" Gari lililosajiliwa kuwa la mizigo haliwi la abiria kwa sababu tumeweka viti. Mwoneni mkaguzi wa magari wa Serikali kabla ya kuanza kazi, siyo baada ya kumaliza. Mkaguzi akikataa mchoro, mmepoteza karatasi. Akikataa gari, mmepoteza fedha za kijiji kizima. Na kama hakuna aliyelikagua, kisha likaanguka, mtakayempoteza hatarudi kwa michango.

Najua wengine watasema, "Afisa, wewe unakaa ofisini, na masika hayangoji." Ni kweli, masika hayangoji. Nami nimewahi kusafiri kwenda kufungua darasa la kusoma nikiwa juu ya lori lililogeuzwa basi kwa haraka. Njiani tulisikia mlio kama wa fimbo kavu ikivunjika. Dereva alisimama, tukashuka. Pale bodi ilipochomelewa, fremu ilikuwa imepasuka, na ufa ulitosha kuingia ukucha. Tulikuwa watu kumi na tisa, na mbele yetu ulikuwa mteremko wa kwenda mtoni. Tulitembea kwa miguu iliyobaki njia yote, na hakuna aliyenung'unika. Tangu siku ile sikubali tena maneno ya siku saba.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vyaundwa. Land Cruiser unayoiona inavuka mto ikiwa na mgonjwa ndani haikuvuka kwa bahati. Nyuma yake wako watu waliokuwa na njaa, waliotumia walichokuwa nacho, kisha wakarudi mara ya pili na mara ya tatu kukisahihisha. Haikuwa aibu kwao kuanza na vipande vya malori. Ingekuwa aibu kuanza navyo na kuishia hapo hapo.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa ng'ambo ya mto, shauri langu ni hili. Lori msiliuze. Fundi msimfukuze, mwiteni darasani, mketi naye, mmsomee maswali haya manne, naye ajibu mbele ya wote. Akijibu vizuri, mpeni kazi na mpeni muda. Akikasirika kwa kuulizwa, mmekwisha pata jibu. Na wewe mama, uliyejifunza kuandika jina lako, liandike katika karatasi ya mapatano pamoja na wenzako, maana swali lililowazuia kuharakisha lilikuwa lako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Eleza kwa maneno yako tofauti baina ya fremu na bodi. Ni motokaa gani zisizo na fremu?

2. Kwa nini Toyota walitumia fremu na injini za malori mwaka 1951? Taja sababu mbili.

3. Fremu ilizoea kubeba tani 1, yaani kilo 1,000. Ikiwa bodi mpya na watu ni kilo 600, nguvu ya akiba ni kilo ngapi?

4. Kwa nini lori tupu hurukaruka? Kuna hatari gani gurudumu likiwa hewani?

5. Leteni mawe manne yasiyolingana na sufuria moja. Iwekeni sufuria juu ya mawe matatu, kisha juu ya manne. Mmeona nini? Jambo hilo linahusuje bodi ya gari?

6. Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu juu ya gari moja analolijua kijijini lililobadilishwa bodi. Nani alilibadilisha, na nani alilikagua?

Juma lijalo tutasoma majibu yenu. Mpaka hapo, kwaherini, na muwe na masomo mema.